Daftari Ndani ya Simu: Jinsi ya Kueneza Programu Huria za Hesabu za Nyumbani Mjini Bunia

Mwongozo huu ni wako wewe unayejua simu kuliko majirani zako. Huenda unasoma chuoni, ISP au UNIBU, ni katibu wa AVEC (kikundi cha akiba na mikopo), unatunza sadaka za kanisa, au una kibanda cha kuchaji simu kando ya Boulevard de la Libération. Watu wanakuamini na simu zao. Sasa unataka wazitumie kuandika pesa zao, na ungependa wafanye hivyo kwa programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi na yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzikagua na kumpa mwingine.

Nitaanza na sababu, kwa kuwa mtu asiyejua kwa nini anaandika ataacha kuandika kabla wiki haijaisha.

Kwa nini kichwa peke yake hakitoshi Bunia

Mji huu hauna pesa ya aina moja. Kodi ya nyumba hutajwa kwa dola, nyanya kwa faranga, na anayeleta bidhaa kutoka Mahagi au Aru anarudi na shilingi za Uganda mfukoni. Kwenye simu kuna M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na huko nako salio la faranga liko mbali na salio la dola. Mtu mmoja wa kawaida ana mifuko mitano au sita, na kila mfuko una bei yake.

Bei hiyo nayo haitulii. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu faranga 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa inakaribia 1,600, na mwaka 2024 ilipita 2,800. Mwaka 2025 mambo yakageuka, faranga ikapata nguvu, na waliokuwa wamelimbika dola ndio wakalia.

Chukua mfano wa mama anayeuza samaki wa Kasenyi. Jumatatu amenunua mzigo wa dola 100, dola moja ikiwa faranga 2,800. Kwa faranga, mzigo wake ni 280,000. Hadi Jumamosi ameuza kila kitu kwa jumla ya 300,000. Anajihesabia faida ya 20,000 na anapanga kumnunulia mtoto viatu. Lakini alilipa usafiri 15,000, kwa hiyo kilichobaki ni 285,000. Anakwenda kwa mbadilisha pesa, anakuta dola imefika 2,850. Gawanya: dola 100 kamili. Amefanya kazi wiki nzima, hakupata hata faranga moja, na viatu akivinunua atavinunua kwa mtaji wake mwenyewe.

Hakuna aliyemwibia, na hesabu ya kichwani haikuwa na kosa la kujumlisha. Tatizo ni kwamba kichwa hakikumbuki bei ya dola ya Jumatatu. Mfano huu ubebe kila uendako. Ukiueleza vizuri hutahitaji hotuba nyingine.

Kwa nini programu huria, na si yoyote ile

Sababu zinazomgusa mtu wa hapa ni hizi:

- Nyingi zinafanya kazi bila intaneti. Mega (data ya intaneti) zikiisha, daftari linaendelea kufunguka.
- Hazidai kadi ya benki kila mwezi. Programu nyingi za kulipia zinataka Visa, na mama wa sokoni hana Visa.
- Ile iliyo ndani ya simu haipeleki hesabu zako kwa kampuni fulani mbali huko. Zinabaki kwako.
- Unaweza kuzitoa. Siku ukiichoka programu, unatoa maandishi yako kama faili la CSV au QIF na kuyaingiza kwenye programu nyingine.

Maneno ya uhuru wa msimbo, leseni ya GPL na kadhalika, yaweke kando hadi mtu aulize. Atauliza, lakini mwezi wa tatu. Siku ya kwanza anataka kujua kama itamla mega.

Kuna jambo la kujifunza kutoka Dar es Salaam. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Hata hivyo, pita leo kwenye vibanda vya kuchapa barua vya Afrika Mashariki uone wangapi wanaifungua. Kwa maoni yangu tafsiri ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni mtu wa kukaa na mtumiaji kando ya meza yake.

Chagua programu moja tu

Kosa kubwa la vijana wa kompyuta ni kumletea mtu orodha ya programu kumi achague. Hatachagua. Mchagulie wewe.

| Mtu wako | Mpe hii | Sababu |
|---|---|---|
| Ana simu ya Android | My Expenses | Inapatikana F-Droid, ina sarafu nyingi, inafungwa kwa namba ya siri, inafanya kazi bila intaneti |
| Ana kompyuta kuukuu | HomeBank | Nyepesi, ina Kifaransa, inafaa hesabu za nyumba |
| Mwalimu, mhasibu, mtunza hazina wa parokia | GnuCash | Inaandika kila pesa pande mbili, ilikotoka na ilikokwenda, na inabeba USD, CDF na UGX pamoja |
| Ana simu ya vibonye | Daftari la karatasi lenye safu kama za programu | Atahamia kwenye programu akipata simu nyingine |

HomeBank na GnuCash zote mbili zipo tangu miaka ya 1990. Umri huo ni hoja nzuri kwa mzee anayeogopa kwamba programu itapotea kesho. GnuCash ni nzito kueleweka kwa asiyejua *débit* na *crédit*. Usimpe mtu wa sokoni, utamfukuza.

Sema ukweli kuhusu bei pia. My Expenses ni huria na mambo ya msingi ni bure, lakini baadhi ya nyongeza zake zinaomba malipo. Mwambie mtu mapema asije akaona neno la kulipa akadhani umemdanganya.

Kuipeleka bila kula mega za watu

1. Tafuta sehemu moja yenye Wi-Fi nzuri, chuoni au ofisini kwa rafiki. Kwa simu yako, fungua f-droid.org upakue F-Droid, duka la programu huria za Android.
2. Simu itauliza kama unaruhusu kusakinisha kutoka nje ya Play Store. Ruhusu, sakinisha, kisha urudi kwenye mipangilio uondoe ruhusa hiyo kwenye kivinjari.
3. Ndani ya F-Droid tafuta My Expenses. Soma maelezo yake. F-Droid ina desturi nzuri ya kuonya pale programu inapokuwa na jambo ambalo mtumiaji huenda asilipende. Kisha sakinisha.
4. Kumpa mwingine, washa hotspot ya simu yako bila data, kila mmoja (asiye na F-Droid mtumie kwanza faili lake kwa Bluetooth) afungue F-Droid sehemu ya programu za walio karibu (kwa Kifaransa *À proximité*), na umtumie. Simu zikikataa kuonana, tuma faili kwa Bluetooth au kwa kadi ya kumbukumbu. Mega hazihitajiki.
5. Kila baada ya miezi michache, ukipata Wi-Fi, sasisha yako na uwapelekee wenzako toleo jipya.

> ONYO. Usisambaze faili la programu ulilotumiwa na mtu kwenye kundi la WhatsApp, hata kama jina ni lilelile. Faili linaweza kuwa limechezewa. Toa F-Droid, peleka moja kwa moja. Jina linaloharibika hapa ni lako.

Kikao cha kwanza

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Mengine yote mtu anaweza kuyasoma, lakini kikao cha kwanza ndicho kinachoamua.

1. Nenda kwake. Kwenye meza yake sokoni, saa wateja wamepungua. Darasa lenye projekta linavutia wafadhili. Mama mwenye samaki halioni. Nusu saa inatosha.

2. Uliza swali moja. "Mama, pesa zako ziko wapi sasa hivi?" Mwache ahesabu mwenyewe: zilizo kwenye kitambaa, zilizo nyumbani, zilizo M-Pesa, zilizo kwa shemeji, zilizo kwenye likelemba (mchezo wa kuchangiana kwa zamu). Usiulize ni kiasi gani. Hiyo ni siri yake, na ukiiuliza siku ya kwanza, kikao kimekwisha.

3. Kila mfuko uwe akaunti. Faranga mkononi. Dola za nyumbani. M-Pesa faranga. M-Pesa dola. Shilingi za Uganda kama anazo. Halafu mbili ambazo wengi husahau: "Wanaonidai" na "Ninaowadai". Mwache aandike kiasi mwenyewe wewe ukitazama pembeni.

4. Aina za matumizi zisizidi saba. Chakula, masomo, dawa, usafiri, kununua mzigo, michango, likelemba. Michango iwe peke yake: matanga, harusi, kanisa. Watu wengi hushtuka mwisho wa mwezi wakiona michango imepita chakula, na huo ndio wakati wanapoanza kuipenda programu.

5. Aandike yeye matumizi matatu ya leo. Kwa kidole chake. Ukishika simu wewe, amejifunza kwamba kazi hii ni yako.

6. Mfundishe kubadilisha pesa kama uhamisho. Hili ndilo somo gumu na ndilo lenye faida. Mtu akitoa dola 20 akapata faranga 56,000, hajatumia kitu wala hajapata kitu. Amehamisha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Aandike kilichotoka na kilichoingia, na bei ya siku hiyo inabaki imeandikwa. Yule wa mfano wetu angeona Jumamosi palepale kwamba faida haipo.

7. Funga kwa namba ya siri, kisha uweke nakala. Yote mawili yafanyike kabla hamjaagana.

8. Rudi baada ya wiki. Usipoweza kurudi, usianze.

Kuna kisa kidogo cha kila siku ambacho programu za nje hazijakifikiria. Noti ya dola yenye mpasuko mdogo pembeni inakataliwa dukani, na mbadilisha pesa anaikubali kwa punguzo. Dola 20 inageuka 17 bila mtu kununua chochote. Fungua aina ndogo ya matumizi iitwayo "hasara ya noti". Anayepokea dola nyingi akishaona jumla yake kwa miezi mitatu, ataanza kugeuza kila noti juani kabla ya kuikubali.

Ukiingia kwenye AVEC

Vikundi vya akiba na mikopo vya aina ya AVEC vilianzia Niger mwaka 1991 kwa mpango wa shirika la CARE, na leo vimeenea sana upande wetu. Utaratibu wao ni mzuri: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, pesa kuhesabiwa mbele ya wote. Usiuguse.

Programu yako iwe shahidi wa pili. Daftari la kikundi na vijitabu vya wanachama vinabaki kuwa maandishi rasmi; katibu anaingiza tarakimu zilezile kwenye simu au HomeBank baada ya kikao, na mwanachama mwingine anakagua kama zinafanana. Ukisema "sasa tuache karatasi", wenye simu watakuwa na nguvu juu ya wasio na simu, na kikundi kitavunjika kwa tuhuma.

Faida kubwa ya nakala ya pili hapa Ituri kila mtu anaijua. Nyumba ikichomwa, au watu wakikimbia usiku, daftari linabaki nyuma. Kikundi kilicho na nakala kwa ndugu wa Kisangani au Kampala kinaweza kujua nani alikuwa na hisa ngapi.

> SANDUKU LA NAKALA
> – Nakala moja kwenye kadi ya kumbukumbu isiyokaa ndani ya simu.
> – Nakala nyingine kwa mtu unayemwamini katika mji mwingine, ikiwa imefungwa kwa nenosiri.
> – Siku ya nakala iwe ileile, mfano baada ya kikao cha kila wiki.
> – Mara moja jaribu kuirudisha kwenye simu nyingine. Nakala ambayo haijajaribiwa usiitegemee.

Tahadhari ambazo hazikwepeki

*Simu kukaguliwa njiani.* Mtu akisafiri, simu inaweza kushikwa na wengine kwenye vizuizi. Hesabu iliyo wazi inaonyesha alichonacho na kinapolala. Namba ya siri ya programu iwe tofauti na ya simu. Majina ya akaunti yasiwe "Dola chini ya kitanda". "Mfuko B" yatosha. Anayesafiri njia mbaya aache nakala mjini na aiondoe programu kwenye simu hadi arudi.

*Namba ya M-Pesa.* Programu ya kuandika hesabu haihitaji kamwe namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money wala benki. Ikiiomba, ifute. Na wewe usiiombe hata kwa utani.

*Kuonekana tapeli.* Watu wa mji huu wameshapoteza pesa kwa wageni wenye maneno matamu na simu nzuri. Kwa hiyo sema mwanzoni kabisa: sipokei pesa, programu haizai riba, haikopeshi, haikusanyi wanachama. Inaandika tu. Ukitaka kulipwa usafiri wako, taja bei waziwazi kabla ya kikao.

*Nyumbani.* Kuna ndoa ambamo hesabu ya mke ikionekana inakuwa ugomvi, na nyingine ambamo wawili wanaandika pamoja kwa raha. Si kazi yako kuamua. Muulize mwenye simu kama anataka pesa za biashara ziwe peke yake, ufuate asemavyo.

*Sheria.* Kongo ilijiunga na OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, na biashara iliyosajiliwa ina hesabu zake za lazima. Daftari la simu linasaidia kuzitayarisha ila halichukui nafasi yake. Mwenye RCCM (namba ya usajili wa biashara) amwone mhasibu.

Makosa yanayorudiwa

Kudai mtu aandike hadi karanga za faranga 500. Atachoka. Mruhusu aandike jumla ya vitu vidogo jioni, mara moja.

Kuanza na bajeti. Mtu asiyejua alitumia nini mwezi uliopita hawezi kupanga mwezi ujao. Mwezi wa kwanza ni wa kuandika tu, na usimkosoe alichonunua, hata kama ni bia. Ukimkemea ataanza kuiandikia simu uongo.

Kuacha mwezi uishe bila kutazama. Kaa naye siku ya mwisho, fungueni mchoro wa matumizi, unyamaze. Yeye ndiye aseme.

Na kosa la wasomi: kueleza kwa Kifaransa cha darasani. Hata programu ikiwa imewekwa kwa Kifaransa, maelezo yawe kwa Kiswahili cha Bunia. Andika karatasi moja ya maneno, kushoto neno la kwenye kioo, kulia maana yake kwa lugha ya sokoni, uibandike nyuma ya simu au kwenye kibanda chako. *Virement* iwe "kuhamisha mfuko". *Solde* iwe "iliyobaki".

Kutoka watu wachache hadi mtaa mzima

Redio inafika mahali simu haifiki. Radio Candip ni ya ISP, Radio Canal Révélation inasikilizwa mjini, na Radio Okapi iko pia. Omba muda mfupi katika kipindi kilichopo badala ya kuomba kipindi kipya. Hewani usitaje majina ya programu kwa dakika kumi. Soma hesabu ya mama wa samaki polepole, waache wasikilizaji wagawanye wenyewe, kisha useme siku na mahali utakapokaa.

Wanafunzi wa usimamizi na wa informatique wanahitaji mafunzo ya vitendo. Mwombe mwalimu mmoja awape kazi ya kusaidia watu wawili kila mmoja kwa mwezi mmoja. Wenye moyo wa lugha waelekeze kwenye tafsiri: F-Droid na GnuCash zinatafsiriwa na watu wa kujitolea kwenye tovuti ya Weblate, na mtu yeyote anaweza kuongeza Kiswahili hata sentensi tano kwa siku. Watajikuta wanabishana na watu wa Nairobi na Dar kuhusu maneno. Wabishane.

Orodha ya kukagua kabla hujamfundisha mtu

☐ Nimeitumia mwenyewe mwezi mzima, kwa faranga na dola.
☐ Nimepata programu kutoka F-Droid.
☐ Nimejaribu kuituma kwa simu nyingine bila intaneti.
☐ Nimerudisha nakala kwenye simu tofauti, imefunguka.
☐ Karatasi ya maneno iko tayari.
☐ Najua nitarudi siku gani.
☐ Nimejiandaa kusema: sipokei pesa.

Ukitaka kuchagua mwezi wa kuanza, anza Julai. Masomo yanafunguliwa Septemba. Shule za msingi za serikali zilitangazwa bure mwaka 2019, lakini ada za sekondari, sare na madaftari bado ni mzigo wa mzazi. Anayeanza kuandika Julai atafika Septemba akijua ni mfuko upi wa kufungua, na watoto wanapoanza masomo atakuwa na la kuwaambia wenzake sokoni. Chagua watu watatu wa mtaa wako wiki hii.